Moshi wa viwanda warusha ndege, wenye hisa wabaki chini

HISA za LanzaTech, kampuni inayogeuza moshi wa viwanda vya chuma kuwa ethanoli na hatimaye mafuta ya ndege, ziliingia katika soko la hisa la Nasdaq nchini Marekani Februari 2023 zikiwa zimehesabiwa dola 10 kila moja. Aprili 2025 mmoja wa wawekezaji wa kampuni hiyo, Carbon Direct Capital, alipeleka ombi la kuinunua yote kwa senti 2 za dola kwa kila hisa.

Kwa hesabu ya kawaida, mwenye hisa 100 aliyeandikiwa dola 1,000 wakati wa kuingia sokoni angelipwa dola 2 tu na kuambiwa biashara imekwisha.

Ununuzi huo haukukamilika kwa bei hiyo. Mwezi uliofuata mwekezaji huyo aliingiza dola milioni 40 na kupewa hisa za upendeleo, yaani hisa zinazosimama mbele ya zile za kawaida. Agosti 2025 kampuni iliunganisha hisa 100 za zamani kuwa moja, ili bei ipande juu ya dola moja ambayo Nasdaq huitaka kwa kampuni zilizoandikishwa kwake. Yule mwenye hisa 100 akabaki na hisa moja.

Katika muda huo huo mitambo inayotumia utaalamu wa kampuni hii ilikuwa inatoa ethanoli China na Ubelgiji, na Ulaya ilikuwa imeanza kulazimisha mafuta mbadala ya ndege kwa sheria. Utaalamu ulikuwa unafanya kazi na soko lilikuwa linafunguliwa, lakini mwenye hisa alikuwa anapoteza. Kwa wafanyabiashara na wawekezaji wadogo wanaofuatilia biashara ya mazingira, hapo ndipo penye somo.

JIKO LA MKAA NA TANURU LA CHUMA

Kila anayepikia mkaa anajua hatari ya kulala na jiko katika chumba kilichofungwa. Mkaa usiopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi inayoua kimya kimya. Gesi hiyo ni kaboni iliyoungua nusu. Bado ina nguvu ndani yake na inaweza kuwashwa. Kaboni dioksidi, ile inayoitwa hewa ya ukaa, ni kaboni iliyoungua ikaisha. Hiyo ni sawa na jivu: haiwaki tena mpaka iongezewe nguvu kutoka mahali pengine, kama vile hidrojeni.

Tanuru kubwa la kuyeyusha mawe ya chuma ni kama jiko hilo, ila kwa ukubwa wa jengo la ghorofa. Hutumia makaa ya mawe yaliyookwa, na gesi inayotoka juu yake ina kaboni monoksidi kwa wingi. Viwanda vingi huichoma gesi hiyo ili kupata umeme au joto, na inayobaki huteketezwa hewani.

LanzaTech ilianzishwa mwaka 2005 mjini Auckland, New Zealand, na wanasayansi wawili, Sean Simpson na Richard Forster. Walianza na bakteria anayeitwa Clostridium autoethanogenum, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1994 baada ya kupatikana katika kinyesi cha sungura. Bakteria huyo hula kaboni monoksidi na kutoa ethanoli. Kazi ya kampuni ilikuwa kumchagua na kumlea mpaka aweze kuishi kwenye gesi chafu ya kiwandani na kuzalisha kwa kiasi cha biashara. Jennifer Holmgren, mkemia aliyewahi kuongoza kazi ya mafuta ya ndege yatokanayo na mimea katika kampuni ya UOP, alichukua uongozi mwaka 2010, na baadaye makao makuu yakahamia Skokie, karibu na Chicago.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Gesi ya tanuru husafishwa, hubanwa, kisha hupulizwa ndani ya tangi refu la maji lenye bakteria. Maji yanayotoka yakiwa na ethanoli huchemshwa na kukenekwa, kama spiriti ya molasi inavyokenekwa, na ethanoli hutengwa.

Hatua ya pili ni kuigeuza ethanoli kuwa mafuta ya ndege. Njia hiyo ilitengenezwa pamoja na maabara ya Pacific Northwest ya serikali ya Marekani. Ethanoli huondolewa maji na kuwa gesi ya ethilini, vipande vya ethilini huunganishwa kuwa minyororo mirefu, huongezewa hidrojeni, kisha huchujwa. Aprili 2018 shirika la viwango la ASTM liliruhusu mafuta yaliyotokana na ethanoli kuchanganywa na mafuta ya kawaida ya ndege hadi nusu kwa nusu. Oktoba 2, 2018 ndege ya Boeing 747 ya Virgin Atlantic ilitoka Orlando hadi Gatwick, London, ikiwa na mchanganyiko ambao sehemu yake ilianzia katika moshi wa kiwanda.

Mfanyabiashara azingatie hasara iliyomo katika hatua hiyo ya pili. Katika kila kilo 46 za ethanoli, kilo 18 hutoka kama maji na kubaki kilo 28 za ethilini. Yaani kilo 100 za ethanoli haziwezi kutoa zaidi ya kilo 61 hivi za mafuta, hata mtambo ukiwa hodari namna gani. Anayeuza ethanoli kwa bei nzuri ana sababu ya kujiuliza mara mbili kabla ya kuigeuza.

CHINA, GHENT NA GEORGIA

Mtambo wa kwanza wa kibiashara ulianza kazi mwaka 2018 katika kiwanda cha chuma cha Shougang huko Caofeidian, mkoa wa Hebei, China. Mingine ilifuata Ningxia na Guizhou, ikitumia gesi ya viwanda vya kuyeyusha madini yanayochanganywa na chuma.

Ulaya, kampuni ya ArcelorMittal ilijenga mtambo uitwao Steelanol katika kiwanda chake cha Ghent, Ubelgiji, kwa gharama ya Euro milioni 200. Ulizinduliwa Desemba 2022 na ethanoli ya kwanza ikatoka mwaka 2023. Uwezo wake ni lita milioni 80 za ethanoli kwa mwaka, ambazo ni kama tani 63,000. Zote zikigeuzwa mafuta ya ndege, kwa hesabu iliyotolewa hapo juu, hazifiki tani 39,000.

Kiasi hicho ni kidogo mno kwa soko la dunia. Chama cha mashirika ya ndege, IATA, kilieleza kuwa mwaka 2024 mafuta mbadala ya ndege ya aina zote yaliyozalishwa duniani yalikuwa tani milioni moja, nayo yalikuwa asilimia 0.3 tu ya mafuta ya ndege. Maana yake ni kwamba ndege zinatumia zaidi ya tani milioni 300 kwa mwaka, na mtambo wa Euro milioni 200 ni tone katika bahari hiyo.

Kwa upande wa mafuta ya ndege yenyewe, mwaka 2020 iliundwa kampuni tofauti, LanzaJet, ambayo haikuandikishwa sokoni. Miongoni mwa waliotia fedha ni Mitsui ya Japani, Suncor ya Kanada, Shell, Microsoft na kundi linalomiliki British Airways. Kiwanda chake cha Freedom Pines, katika mji mdogo wa Soperton jimboni Georgia, kilizinduliwa Januari 2024 kwa uwezo wa galoni milioni 9 za mafuta ya ndege kwa mwaka, kama lita milioni 34. Hata hivyo ilikuwa Novemba 2025 kampuni ilipotangaza kuwa kiwanda kimetoa mafuta ya ndege kutokana na ethanoli. Kati ya kukata utepe na kupata bidhaa palipita karibu miaka miwili ya mishahara, matengenezo na riba.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana kwenye matangazo ni kwamba kiwanda cha aina hii hakichagui ethanoli. Iwe ya moshi, ya miwa au ya mahindi, kwake ni ethanoli. Kwa hiyo ethanoli ya moshi inashindana na ya mkulima wa miwa wa Brazil na ya mahindi ya Marekani, na hao wawili ndio wenye soko na wenye bei.

KWA NINI HISA ZILIANGUKA

Sababu ya kwanza ni chanzo cha mapato. LanzaTech haimiliki mitambo mingi inayotumia utaalamu wake. Inauza leseni, ushauri wa kihandisi na mahitaji ya bakteria, kisha hulipwa sehemu ya mauzo mtambo unapofanya kazi. Mwenye kiwanda cha chuma akichelewa kuamua, kampuni inakaa bila kipato huku maabara na wahandisi wakilipwa kila mwezi. Mwaka 2024 mapato yalikuwa karibu dola milioni 50 na hasara ikazidi dola milioni 130. Mwaka 2025 kampuni yenyewe ilitoa onyo katika taarifa zake kuwa kuna shaka kubwa kama itaweza kuendelea na biashara bila fedha mpya.

Sababu ya pili ni njia iliyotumika kuingia sokoni. Kampuni haikuuza hisa zake kwa umma kwa utaratibu wa kawaida. Iliungana na kampuni nyingine, AMCI Acquisition Corp. II, ambayo haikuwa na biashara yoyote zaidi ya fedha zilizokusanywa na nafasi katika soko la Nasdaq. Katika mpango wa namna hiyo bei ya dola 10 huwekwa na pande mbili mezani, wala haitokani na mnada wa wanunuzi wengi. Mpango ulipotangazwa mwaka 2022 kampuni ilithaminiwa dola bilioni 1.8. Thamani hiyo ilisimama juu ya mitambo iliyotarajiwa kujengwa, na mingi haikuwa imeanza.

Sababu ya tatu, na ndiyo kubwa, ni sheria. Mafuta haya ni ghali. IATA ilikadiria kuwa mwaka 2024 bei ya wastani ya mafuta mbadala ilikuwa karibu mara tatu ya bei ya mafuta ya kawaida ya ndege. Hakuna shirika la ndege linalolipa tofauti hiyo kwa hiari na kwa wingi. Hulipa kwa sababu sheria imelazimisha, au kwa sababu serikali imetoa ruzuku.

Hapo ndipo moshi wa chuma unapopata shida. Marekani, sheria ya mafuta jadidifu inatambua malighafi zenye asili ya mimea na viumbe hai. Gesi inayotokana na makaa ya mawe haimo, hivyo ethanoli yake haipati vyeti vinavyowapa wa mahindi nafuu. Julai 2025 Marekani ilipunguza pia nafuu ya kodi ya mafuta mbadala ya ndege, kutoka kiwango cha juu cha dola 1.75 kwa galoni hadi dola 1 kuanzia 2026.

Ulaya iliikubali kaboni iliyorudishwa matumizini katika sheria yake ya mwaka 2018, kwa sharti kwamba uchafuzi upungue ukilinganisha na mafuta ya petroli. Lakini kiwango chenyewe, asilimia 70, na kanuni za kukipima zilitoka mwaka 2023, wakati Ghent ilikuwa imekwisha zindua mtambo. Aliyeweka Euro milioni 200 alijenga kabla hajajua bidhaa yake itahesabiwa namna gani.

Wapinzani nao wana hoja yenye uzito. Kaboni ya moshi wa chuma imetoka kwenye makaa ya mawe. Ikigeuzwa mafuta na kuchomwa angani, inaingia hewani vile vile, tofauti ni kwamba imefanya kazi mara mbili. Na kama kiwanda kilikuwa kinachoma gesi hiyo kupata umeme, umeme huo utabidi utoke kwingine. Ukitoka kwenye makaa ya mawe, faida kwa mazingira hupungua sana. Ndiyo maana kipimo cha sheria hutazama pia gesi hiyo ilikuwa ikifanya nini kabla ya mtambo kuja.

WENGINE PIA WALIUMIA

LanzaTech haiko peke yake. Fulcrum BioEnergy, iliyojenga kiwanda Nevada cha kugeuza takataka za mijini kuwa mafuta, ilikuwa na United Airlines na BP miongoni mwa wawekezaji wake, kila mmoja akiwa ametia dola milioni 30. Septemba 2024 iliomba kinga ya mufilisi. Shell yenye mifuko mizito ilisimamisha mwaka 2024 ujenzi wa kiwanda cha tani 820,000 huko Rotterdam, na Septemba 2025 ikatangaza kukiacha kabisa.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, wasemavyo wahenga. Makampuni haya yalikimbia kwa fedha za riba ndogo. Riba zilipopanda kuanzia 2022, ukingo ukaonekana.

SOKO LIPO, LAKINI NI LA SHERIA

Hata hivyo si sahihi kusema soko limekufa. Tangu Januari 2025 wauzaji wa mafuta katika viwanja vya ndege vya Umoja wa Ulaya wanatakiwa kuchanganya asilimia 2 ya mafuta mbadala. Kiwango kitakuwa asilimia 6 mwaka 2030 na asilimia 70 mwaka 2050. Uingereza nayo ilianza na asilimia 2 mwaka 2025 na itafika asilimia 10 mwaka 2030. Muuzaji anayeshindwa kutimiza kiwango cha Ulaya hupigwa faini isiyopungua mara mbili ya tofauti ya bei kati ya mafuta hayo na ya kawaida, na bado anadaiwa kiasi alichokosa.

Kwa lugha ya sokoni, faini hiyo ni sakafu ya bei. Anayeweza kuzalisha kwa gharama iliyo chini yake ana mnunuzi wa lazima. Tatizo la mwenye hisa ni kwamba sakafu hiyo imewekwa kwa kalamu, na inaweza kushushwa kwa kalamu hiyo hiyo.

AFRIKA MASHARIKI INAHUSIKAJE

Athari ya kwanza iko kwenye nauli. Sheria ya Ulaya inagusa kila ndege inayotia mafuta huko, zikiwamo zinazokuja Nairobi, Mombasa, Zanzibar na Kilimanjaro. Kundi la Lufthansa lilianza kutoza ada ya mazingira ya kati ya Euro 1 na 72 kwa tikiti za safari zinazoondoka katika nchi za Umoja wa Ulaya, Uingereza, Norway na Uswisi kuanzia Januari 2025. IATA nayo ililalamika mwaka huo kwamba wauzaji wa mafuta Ulaya wanaongeza ada zao juu ya bei. Mchuuzi anayesafiri kufuata vipuri au mitumba, na msafirishaji wa maua ambaye ndege yake lazima irudi na mzigo, wataiona gharama hiyo kwenye ankara.

Shirika la ndege la Kenya, Kenya Airways, lilirusha ndege kutoka Nairobi hadi Amsterdam Mei 2023 ikiwa na mafuta mbadala kutoka Eni ya Italia. Hayo hayakutokana na moshi. Eni hutumia mafuta ya mbegu na mafuta yaliyokwisha kutumika, na mwaka 2022 ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu huko Makueni. Njia hiyo ya mafuta ya kula na ya mbegu ndiyo yenye sehemu kubwa ya soko hadi leo, kwa kuwa gharama yake ni ndogo.

Moshi wa viwanda vya chuma vya Kenya, Tanzania na Uganda haufai sana kwa kazi hii. Vingi huyeyusha chuma chakavu kwa umeme, na havina matanuru makubwa ya makaa yanayotoa kaboni monoksidi kwa wingi. Kilichopo ni ethanoli ya molasi, kama ya Muhoroni nchini Kenya na Kilombero nchini Tanzania. Kiwanda cha aina ya Georgia kingeweza kuitumia, ila kingelazimika kushindana na wanunuzi wa spiriti walioko tayari.

Wawekezaji wa Nairobi wanaijua pia Carbacid, kampuni iliyoandikishwa katika soko lao, ambayo huuza kaboni dioksidi itokayo ardhini kwa watengenezaji wa soda na wengineo. Huo ni ushahidi kwamba gesi hii ni bidhaa. Lakini Carbacid inauza gesi kama gesi, kwa mteja anayeihitaji leo na kulipa bei yake. Haihitaji bunge la Ulaya kumlazimisha mtu anywe soda.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUNUNUA

Siku hizi mwenye simu anaweza kununua hisa za ng'ambo kupitia madalali wa mtandaoni, na makampuni yenye majina mazuri ya mazingira yataendelea kujitangaza. Maswali manne yangemfaa mwenye hisa za LanzaTech mwaka 2023, na yanamfaa yeyote mwenye akiba ndogo.

Kwanza, nani analipa? Kama mnunuzi analipa kwa sababu ya sheria, soma sheria hiyo inasema nini kuhusu bidhaa hiyo hasa, maana mafuta ya moshi na mafuta ya mbegu hayahesabiwi sawa.

Pili, kampuni inamiliki kiwanda au inauza utaalamu? Mwenye utaalamu hungoja uamuzi wa mwenye kiwanda.

Tatu, fedha zilizopo zinatosha miezi mingapi? Gawa akiba ya kampuni kwa hasara ya mwezi. Jibu likiwa chini ya miezi 12, mwekezaji mpya yuko njiani, na huyo ndiye atakayepanga masharti.

Nne, hisa za upendeleo ni ngapi? Mwenye hizo hula kwanza, na mwenye hisa ya kawaida husubiri makombo.

Majibu ya maswali hayo yalikuwamo katika taarifa ambazo kampuni iliwasilisha kwa wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani, na kila mtu angeweza kuzisoma bure. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la kampuni iliyoandikishwa sokoni huwa wazi.

Tarehe ya kuangalia kwa sasa ni 2030, pale kiwango cha Ulaya kitakapotakiwa kupanda kutoka asilimia 2 hadi asilimia 6. Iwapo Ulaya itashikilia kiwango hicho, mitambo kama wa Ghent itakuwa na mnunuzi wa uhakika. Ikilegeza, moshi utaendelea kuzalisha ethanoli, na ethanoli hiyo itauzwa kwa bei ya miwa na mahindi.